Vyuo vya Marekani vinavyohama konferensi na hatima ya timu huru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja zaidi msimu wa futiboli ya vyuo ukikaribia, mwishoni mwa Agosti. Wengi wanaouliza wana ndugu wanaosoma huko, au hukesha Jumamosi wakifuatilia mechi. Majibu yanaeleza hali ilivyokuwa mwanzoni mwa 2026. Futiboli hapa ni ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Soka ni soka.

Konferensi ni kitu gani hasa?

Ni umoja wa vyuo vinavyocheza ligi yao, vikauza haki za matangazo kwa pamoja na kugawana mapato. Hakuna kupanda wala kushuka daraja. Chuo kinaweza kushika mkia miaka kumi na kisiondolewe, na kinaweza kuwa bingwa leo na kesho kikahamia kwa jirani. NCAA, shirikisho la michezo ya vyuo, husimamia kanuni, lakini haipangi nani awe konferensi ipi.

Msimu wa kawaida una mechi 12. Nane au tisa hupangwa na konferensi, na zilizobaki chuo hujitafutia chenyewe. Shikilia hesabu hiyo, maana tabu ya timu huru inaanzia hapo.

Kwa nini vyuo vinahama?

Televisheni. Watu watakuambia habari za heshima, ushindani na "kufanana kitaaluma", lakini fuata mkataba wa matangazo utafika mwenyewe.

Mpaka mwaka 1984 NCAA ndiyo iliyoamua mechi zipi zionyeshwe na chuo kionekane mara ngapi. Vyuo vya Oklahoma na Georgia vikaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, kura 7 kwa 2, kwamba udhibiti huo unavunja sheria za ushindani wa biashara. Kuanzia hapo kila konferensi ikawa muuzaji. Muuzaji mwenye vyuo vikubwa kwenye miji mikubwa hupata bei nzuri, kwa hiyo konferensi zikaanza kuwindiana wanachama. Big Ten, iliyoanzishwa 1896, ilisaini mwaka 2022 mkataba wa miaka saba na Fox, CBS na NBC wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Chuo kilicho nje ya fungu hilo kinashindana kusajili wachezaji na majirani walio ndani yake.

Nani wamehama miaka ya karibuni?

Orodha ni ndefu, nitataja waliobomoa nyumba. Julai 2021 Texas na Oklahoma walitangaza kuondoka Big 12 kwenda SEC, konferensi ya majimbo ya kusini, na waliingia rasmi 2024. Juni 30, 2022 ikawa zamu ya USC na UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles, kutangaza kwamba vinaiacha Pac-12 na kujiunga na Big Ten, konferensi ya majimbo ya kaskazini ya kati.

Pac-12, iliyokuwa na historia tangu 1915, ikabaki inatafuta mkataba mpya bila soko la Los Angeles. Majira ya joto ya 2023 ofa iliyokuwa mezani ilitoka Apple: mechi zionyeshwe mtandaoni, na mapato yategemee idadi ya watakaolipia. Colorado hawakungoja, wakarudi Big 12 mwishoni mwa Julai. Agosti 4, siku moja tu, Oregon na Washington wakachukuliwa na Big Ten, huku Arizona, Arizona State na Utah wakienda Big 12. Septemba 1 Stanford na California wakapokelewa na ACC, ambayo jina lake ni Konferensi ya Pwani ya Atlantiki. Vyuo vyote viwili viko karibu na San Francisco, upande wa Pasifiki. Jina halikubadilishwa.

SMU ya Dallas iliingia ACC safari hiyohiyo kwa kukubali kutopokea fedha za televisheni za konferensi hiyo kwa miaka tisa. Matajiri wa chuo wakaziba pengo. Mwaka wa kwanza tu, 2024, SMU ikacheza fainali ya ACC na ikaingia kwenye mtoano wa ubingwa wa taifa. Ukitaka kujua nafasi kwenye konferensi kubwa ina thamani gani, jiulize kwa nini chuo kimekubali kuingia bure.

Waliobaki Pac-12 walifanyaje?

Walibaki wawili, Oregon State na Washington State. Walipigania mahakamani haki ya kusimamia mali na jina la konferensi, wakashinda, wakaishi misimu miwili kwa kuazima ratiba. Kanuni inataka angalau vyuo vinane vya futiboli, na hao walioachwa wakavichukua vyuo vya konferensi ya Mountain West kwa mtindo uleule waliofanyiwa wao. Kuanzia Julai 2026 wanaungana na Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State, Utah State na Texas State, pamoja na Gonzaga ambayo haina futiboli.

Timu huru ni ipi, na zimebaki ngapi?

Timu huru ni ile ambayo futiboli yake haimo kwenye konferensi yoyote. Katika daraja la juu, FBS, lenye vyuo zaidi ya 130, msimu wa 2025 zilikuwa mbili tu: Notre Dame ya Indiana na UConn ya Connecticut. Zote mbili zina konferensi kwa michezo mingine. Kikapu cha Notre Dame kiko ACC, hoki ya barafu iko Big Ten, na ni futiboli pekee isiyo na konferensi. Uhuru wenyewe, basi, ni wa mchezo mmoja, ule unaoleta pesa.

Ni kweli zamani zilikuwa nyingi?

Nyingi, na zilikuwa tishio. Miaka ya 1980 Penn State, Miami, Florida State, Pittsburgh, Syracuse, West Virginia, South Carolina na Boston College zote zilikuwa huru. Angalia mabingwa wa taifa kuanzia 1982 hadi 1989: Penn State mara mbili, Miami mara tatu, Notre Dame mara moja. Misimu minane, mataji sita ya timu huru. Januari 2, 1987 timu mbili zisizo na konferensi zilikutana Fiesta Bowl kuamua nani bingwa, Penn State ikaifunga Miami 14-10.

Miaka michache baadaye karibu zote zilikuwa zimeingia mahali. Penn State ilialikwa Big Ten mwaka 1990 na ikaanza kucheza huko 1993. Florida State ilikwenda ACC, Miami ikaenda Big East, South Carolina ikaenda SEC. Hazikuondoka kwa kufungwa; ziliondoka zikiwa na nguvu, kwa sababu mkataba wa matangazo wa timu moja moja ulikuwa hautoshi tena.

Isipokuwa kwa moja.

Notre Dame inaishije peke yake?

Ina televisheni yake. Tangu 1991 mechi zake za nyumbani zinaonyeshwa na NBC (ya Marekani, siyo benki inayodhamini Ligi Kuu ya Tanzania Bara), na mkataba umeongezwa hadi 2029. Hebu fikiria Simba au Yanga iuze mechi zake za nyumbani kwa kituo chake yenyewe wakati wenzake wote wanagawana fungu la Azam. Kila shabiki atakuwa na la kusema.

Kinachowezesha hili ni historia ambayo timu nyingine haiwezi kuinunua. Mwanzoni mwa karne iliyopita chuo hiki cha Kikatoliki kiliomba kuingia konferensi iliyokuja kuwa Big Ten, kikakataliwa zaidi ya mara moja. Kwa kukosa majirani wa kucheza nao, kikapanda treni. Kikaenda kucheza na Army, timu ya chuo cha jeshi la nchi kavu, mwaka 1913, kikaanza na USC ya California mwaka 1926. Wahamiaji Wakatoliki wa New York, Chicago na Boston wakaiona timu yao ikipita mjini kwao, na ushabiki ukaenea nchi nzima. Big Ten ilipokuja kuihitaji, mwaka 1999, bodi ya chuo ikapiga kura ya kukataa.

Tangu 2013 kuna makubaliano na ACC: michezo mingine imo ndani, na futiboli hucheza kwa wastani mechi tano kwa mwaka na timu za ACC. Notre Dame ikiamua kuingia konferensi kabla ya 2036, lazima iwe hiyo. Msimu wa 2020, wakati wa korona, iliingia kwa mwaka mmoja na ikafika fainali, ikafungwa na Clemson. Mwaka uliofuata ikatoka kama mgeni aliyemaliza chai.

Ugumu wa kuwa huru uko wapi basi?

Novemba. Septemba kila chuo kina nafasi ya kucheza na mtu wa nje. Kuanzia Oktoba mechi za konferensi zinajaza kalenda, na timu huru inabaki kupiga simu. Notre Dame inatatua hilo kwa mechi tano za ACC na kwa urafiki wa zamani na Navy, timu ya chuo cha jeshi la majini, iliyocheza nayo kila mwaka tangu 1927 isipokuwa 2020. Jeshi hilo lilikisaidia sana chuo wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa kuweka pale mafunzo ya maofisa wake, na Notre Dame haijasahau.

Lakini kadiri konferensi zinavyonenepa, nafasi zinapungua. Baada ya mechi ya Oktoba 2025, Notre Dame na USC hawakukubaliana kuendelea. USC sasa ina safari za Big Ten mpaka New Jersey, na ilitaka mchezo huo uchezwe mapema msimu. Uhasama wa karibu miaka mia, uliosimama awali kwa sababu ya vita na korona tu, umesimamishwa na ratiba. Kwangu hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote zilizotajwa kwenye ukurasa huu.

Kwa timu huru ndogo hali ni mbaya zaidi. Zinaishi kwa mechi za kulipwa: chuo kikubwa kinakupa hundi, mara nyingi zaidi ya dola milioni 1, uende kwake ufungwe mbele ya watu wake. UMass ya Massachusetts, iliyokuwa huru wakati huo, ilikwenda Georgia Novemba 2024 ikafungwa 59-21. Pesa ikalipa bili za idara ya michezo, lakini jaribu kumsajili kijana wa miaka 18 kwa ratiba ya namna hiyo. Mwaka 2025 UMass ikaingia konferensi ya MAC.

Hundi ina hatari zake pia, kwa anayeiandika. Septemba 7, 2024 Notre Dame ilimwalika Northern Illinois, chuo kidogo, nyumbani, ikafungwa 16-14.

Ilikuwaje Notre Dame ikaachwa nje ya mtoano Desemba 2025?

Hapa wengi huchanganyikiwa, twende taratibu. Tangu 2024 mtoano una timu 12. Hadi msimu wa 2025 tano walikuwa mabingwa wa konferensi wenye nafasi za juu kwenye orodha ya kamati ya uteuzi, saba waliteuliwa kutoka waliobaki. Timu huru haiwezi kuwa bingwa wa konferensi, kwa hiyo njia yake ilikuwa zile saba tu.

Notre Dame ilianza 2025 kwa kufungwa na Miami, ambayo siku hizi iko ACC, 27-24, kisha na Texas A&M 41-40. Baada ya hapo ikashinda kumi mfululizo. Kabla ya wikiendi ya fainali za konferensi ilikuwa ya 10, Miami ya 12, na zote mbili hazikucheza wikiendi hiyo. Katikati yao alikuwepo BYU, chuo cha Utah. BYU akafungwa na Texas Tech, akashuka, na kamati ikajikuta imewaweka Miami na Notre Dame bega kwa bega. Ikaangalia walipokutana nani alishinda. Miami akawa wa 10, Notre Dame wa 11.

Nafasi ya 11 kati ya 12, utasema inatosha. Haikutosha, kwa sababu nafasi mbili za mwisho zilikuwa za mabingwa walio chini zaidi kwenye orodha, Tulane na James Madison. James Madison naye aliingia kwa kuwa ACC ilipata bingwa, Duke, aliyekuwa amefungwa mechi tano na hakuwa na nafasi ya kutosha. Yaani konferensi ambayo Notre Dame ni nusu mwanachama wake ilichangia kuiacha nje kwa njia mbili kwa mpigo. Juu ya hayo, televisheni ya ACC ilikuwa imerudia kuonyesha ile mechi ya Miami wakati mjadala ukiendelea. Mkurugenzi wa michezo wa Notre Dame, Pete Bevacqua, alisema hadharani kwamba uhusiano umeharibika. Timu ikakataa kwenda mechi yoyote ya bowl, yaani zile za mwaliko za mwisho wa msimu.

Maoni yangu: kamati haikukosea kumweka Miami juu, maana uwanjani alishinda. Kosa ni kusubiri mpaka wiki ya mwisho kulikumbuka tokeo la Agosti.

Kwa nini wasiingie tu konferensi yamalizike?

Kwa sababu mwaka mmoja kabla ya hapo hesabu ilikuwa tamu. Januari 20, 2025 Notre Dame ilicheza fainali ya taifa Atlanta na kufungwa na Ohio State 34-23. Kwa kufika pale, malipo ya mtoano yalikuwa dola milioni 20. Fungu la Ohio State liliingia Big Ten kugawanywa. La Notre Dame lilibaki lote Notre Dame. Tena haina fainali ya konferensi, kwa hiyo inacheza mechi moja pungufu na haina siku ya kuvunjiwa mchezaji bure mwezi Desemba.

Pia walishajilinda. Kuanzia msimu wa 2026, wakimaliza ndani ya 12 bora za kamati, nafasi yao kwenye mtoano ni ya uhakika. Kwa kanuni hiyo, nafasi ya 11 ya 2025 ingewaingiza. Vyuo vingine vilipopata habari hii vilinuna, na vina haki ya kununa: hakuna mwingine aliyeandikiwa kifungu chake mwenyewe.

Na UConn?

UConn ni kisa tofauti kabisa. Kwao kikapu ndicho mfalme. Wanaume walitwaa ubingwa wa taifa 2023 na 2024, wanawake 2025. Mwaka 2020 walilipa dola milioni 17 kuiacha konferensi ya AAC ili kikapu kirudi Big East kwa wapinzani wake wa asili. Big East haina futiboli, basi futiboli ikabaki yatima. Ajabu ni kwamba yatima amekua: 2024 walishinda mechi 9, ya mwisho dhidi ya North Carolina katika Fenway Bowl. Walizungumza na Big 12 mwaka huohuo, mazungumzo yakasitishwa. Mlango ukifunguliwa wataingia siku hiyohiyo. Uhuru wao ni wa kusubiri.

Army nao si walikuwa huru?

Walikuwa, mpaka walipojiunga na AAC mwaka 2024, na msimu huohuo wakatwaa ubingwa wake. Navy wako AAC tangu 2015. Hata hivyo mechi ya Army na Navy ya Desemba haihesabiwi kwenye msimamo wa konferensi. Kuna mambo hata televisheni imeyaacha kama yalivyo.

Timu huru zitakuwepo miaka kumi ijayo?

Tazama tarehe. Mkataba wa Notre Dame na NBC unaisha 2029. Wa Big Ten unaisha mwishoni mwa msimu wa 2029-30. Wa Big 12 unaisha 2030-31. Florida State na Clemson waliishitaki ACC wakitaka njia ya kutoka, wakapatana Machi 2025, na ada ya kuondoka inapungua mwaka hadi mwaka mpaka dola milioni 75 kuanzia 2030-31. Mikataba hii mitatu inafika mwisho ndani ya miaka miwili hivi, na hilo halikutokea kwa bahati.

Naona Notre Dame itabaki huru mpaka hapo. Kitakachoiondoa siyo kukosa pesa. Ni kukosa wapinzani: Big Ten na SEC zikiamua kucheza zenyewe kwa zenyewe karibu mechi zote, orodha ya simu za kupiga itaisha. UConn sitegemei kuiona huru ifikapo 2031.

Mechi zinaonekana saa ngapi Afrika Mashariki?

Mechi ya saa 9:30 alasiri ya New York huanza saa 4:30 usiku kwetu. Ya usiku, saa 1:30 yao, ni saa 8:30 usiku wa kuamkia Jumapili. Mwanzoni mwa Novemba wao hurudisha saa nyuma, kwa hiyo ongeza saa moja.

Haya yanawahusu vipi wakimbiaji wetu walioko vyuo vya huko?

Yanawahusu, ila siyo kama wanavyodhani wazazi. Washington State, moja ya vile vyuo viwili vilivyoachwa, ndiko alikokuwa Henry Rono mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Edward Cheserek alikusanya mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon, ambayo leo iko Big Ten. Kwa mkimbiaji, konferensi ina uzito mdogo kuliko kwa mcheza voliboli anayesafirishwa pwani hadi pwani katikati ya wiki ya masomo. Kufuzu mbio za nyika za taifa kunapitia kanda za kijiografia, na kanda hazihami chuo kikihama.

Kinachomgusa zaidi ni suluhu ya kesi ya House dhidi ya NCAA, iliyoidhinishwa na jaji Claudia Wilken Juni 6, 2025. Vyuo vilivyoikubali vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takribani dola milioni 20.5 kwa chuo mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa inakwenda futiboli na kikapu cha wanaume. Kwa upande wa pili idadi ya wanamichezo imewekewa kikomo: 17 kwa mbio za nyika, 45 kwa riadha, 105 kwa futiboli. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 ana vikwazo vya kufanya kazi, kwa hiyo malipo ya matangazo ya biashara yanayowafaidi wenzake Wamarekani yanaweza kumharibia viza. Apate ushauri wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kusaini chochote.

Kocha akipiga simu, muulizeni mambo matatu. Chuo kimeingia kwenye suluhu hiyo au hapana? Kati ya zile nafasi 17, ngapi zimeshajazwa? Na skolashipu ni ya mwaka mmoja au mpaka amalize digrii? Jibu la swali la tatu liwe kwa maandishi.